Vumbi la Mambrui

Wiki hii nakuletea habari za Mambrui, mji mkongwe ulioko kaskazini mwa Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Nimekwenda huko mara nyingi tangu utotoni, kwa kuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliolewa huko na huko ndiko alikozeekea. Lakini safari ya Agosti hii ilikuwa na jambo ambalo sikupata kulifanya katika miaka yangu arubaini na minane. Nilipanda pikipiki ya magurudumu manne, ile ambayo vijana huiita kwadi, nikaiendesha mwenyewe juu ya vilima vya mchanga. Si mimi niliyelitaka jambo hilo. Alilitaka binti yangu, nami nilikwenda kwa nia ya kumzuia.

Yafaa niseme mapema kwa nini. Miaka kumi na mmoja iliyopita ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wa mama yetu, alianguka na bodaboda usiku wa mvua, na hakufikishwa hospitalini akiwa hai. Tangu usiku ule pikipiki ni marufuku nyumbani kwangu. Wanangu wamekwenda shule kwa miguu, kwa tuktuk na kwa matatu, na hata mvua iliponyesha ya kufurika barabara walingoja chini ya baraza hadi ipungue. Watoto walilijua sharti hilo kama wanavyojua saa za sala, wala hakuna aliyelijadili.

Binti yangu wa mwisho sasa ana miaka kumi na minane. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na mwaka huu akaitwa chuo kikuu huko Eldoret. Barua yake niliiweka katika droo ya kabati langu. Baba yake aliniachia mimi uamuzi, nami kila nilipoulizwa nilijibu, "Tutaona." Wazazi wenzangu mnalijua neno hilo. Halisemi ndiyo wala la, na mtoto hubaki mlangoni akingoja.

Basi siku chache kabla ya safari, binti yangu akaniambia kuwa huko Malindi kuna watu wanaokodisha kwadi, na kwamba angependa kupanda. Nikamjibu, "Tutaona." Akanitazama kwa utulivu, akasema, "Mama, njoo uone basi. Tupande sote wawili, na ukisema tushuke, tutashuka." Sikuwa na jibu la kumrudishia.

Tulitoka Mombasa Ijumaa baada ya sala. Hadi Malindi ni yapata kilomita 120. Unapita Mtwapa na mashamba ya mkonge ya Vipingo, unavuka daraja la Kilifi lenye maji ya buluu pande zote mbili, kisha msitu wa Arabuko Sokoke unakuandama upande wa kushoto karibu hadi Gede. Ukiishatoka Malindi, mwendo mfupi tu, unafika kwenye daraja la Sabaki. Mto huu huzaliwa bara, karibu na Nairobi, ukiitwa Athi. Ukipita Tsavo huitwa Galana. Na ukikaribia bahari ndipo unapolipata jina tunalolijua sisi watu wa pwani. Mvua zikinyesha bara, hushuka na udongo mwekundu hata bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mlangoni mwake huonekana viboko, na ndege wa kila namna, wakiwamo heroe.

Mto huo ndio uliovileta vilima vya mchanga. Maji hubeba mchanga hadi baharini, mawimbi huurudisha ufukweni, na pepo za kusi na kaskazi huupandisha nchi kavu, tuta juu ya tuta, mweupe mahali pamoja na wa rangi ya dhahabu pengine. Nyuma ya vilima hivyo ndipo ulipo mji. Mambrui ni mji wa misikiti na vyuo, wenye kaburi la mnara lililopambwa kwa vibakuli vya kauri kutoka China. Mwaka 2010 wataalamu wa mambo ya kale wa Kenya na China walichimbua hapo sarafu ya enzi ya mfalme Yongle, ya mwanzoni mwa karne ya 15. Nayasema haya ili msomaji aelewe kuwa anayepita Mambrui na mashine ya kelele hapiti nyikani. Anapita mbele ya nyumba za watu waliokaa hapo karne nyingi.

Shangazi yangu hakuhitaji sarafu ili kulijua hilo. Tulipomwarifu usiku ule kuwa asubuhi tungekwenda kupanda kwadi, alinyamaza kitambo akichambua mchele wake. Kisha akasema, "Mwanangu, wakipita hao mimi hufunga dirisha. Vumbi huingia hata kwenye maji ya kunywa. Mwaka juzi mbuzi wa jirani alikanyagwa, na aliyemkanyaga hakugeuka hata kusema pole." Binti yangu akainamisha kichwa. Nami nikadhani shangazi amenimalizia kazi, na kwamba safari imekufa. Lakini bibi yule akaendelea, "Mimi sikukatazi, bibi. Ila mkipita hapa, piteni kama watu."

Usiku sikulala upesi. Nilisoma katika simu habari za mashine hizi, kwa kuwa mwoga hupenda kujua anachokiogopa. Nikakuta kuwa ya kwanza iliyouzwa kwa wingi ilitolewa na Honda mwaka 1970, nayo ilikuwa na magurudumu matatu tu, mapana kama maputo. Mwaka 1982 Suzuki wakaleta ya magurudumu manne. Zile za matatu zilipindua watu wengi, wakiwamo watoto, hata mwaka 1988 kule Marekani watengenezaji wakakubali kuacha kuuza mpya. Madaktari wa watoto wa nchi hiyo hushauri hadi leo kwamba asiyetimiza miaka kumi na sita asipande kabisa mashine ya watu wazima. Gurudumu la nne lilileta utulivu zaidi, lakini halikuondoa hatari. Mashine huonekana kama kiti cha sebuleni, na kuonekana huko ndiko kunakomdanganya mgeni. Nikaifunga simu nikiwa na hoja zangu tayari.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri na kikombe cha chai. Saa za asubuhi ndizo zifaazo. Mchanga bado una ubaridi na unyevu wa usiku, kwa hiyo hushikana na kuibeba mashine. Upepo haujashika kasi. Na jua haliwaki juu ya helmeti. Mchana mchanga hulegea na kuwa kama unga, na anayeanza hupata taabu maradufu.

Penye kukodisha, niliuliza maswali yangu yote bila haya, nami nawasihi akina mama wenzangu waulize hivyo hivyo. Je, kuna bima, na inamlinda nani? Helmeti zipo za vipimo mbalimbali, na kamba zake zinafunga? Breki zimejaribiwa leo? Nani atatangulia, na ana watu wangapi nyuma yake? Tutapewa muda wa kujifunza katika uwanja wa wazi kabla ya kutoka? Niliuliza pia jambo la staha: kila mmoja wetu angepanda mashine yake peke yake, wala si nyuma ya mwanamume asiyemhusu. Jibu lilinifurahisha kwa sababu mbili. Walikubali, na wakanieleza kuwa kwadi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mpandaji huiongoza mashine kwa kuhamisha uzito wa mwili wake mbele, nyuma na kando. Akiwapo abiria mgongoni, hawezi kusogea, na mashine hupoteza mizani. Tena mzazi asimpakate mtoto mbele yake, ajapokuwa anamshika kwa mikono miwili. Mahali wasipoyajibu maswali haya kwa subira, rudi nyumbani, mchanga hauhami.

Suala la mavazi lilinisumbua kuliko yote, na huenda ndilo linalowasumbua wengi wenu. Buibui halifai juu ya kwadi, na hapa sisemi habari ya mitindo. Kitambaa kirefu kinachopepea kinaweza kunaswa na gurudumu au mnyororo, nacho kikinaswa humvuta mtu chini kabla hajapata kupiga kelele. Dera nalo ni hivyo hivyo. Sisi tulivaa suruali pana ya kitambaa kizito, iliyobanwa kwenye kifundo cha mguu, na juu yake kanzu fupi ya mikono mirefu iliyofika magotini. Hijabu tulivaa ile ya kuvuta kichwani, isiyo na pini, kwa sababu pini chini ya helmeti ni msumari, na ncha zake tukazichomeka ndani ya kanzu. Viatu vilikuwa vya kufunika mguu mzima, kwani bomba la moshi huwa la moto na huunguza haraka. Tukaongeza glavu na miwani. Nilipojitazama nikaona kuwa nimesitirika vizuri, tena vumbi halina pa kupenyea.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mzaliwa wa Mambrui, mwenye sauti ya chini na adabu. Kila alipotaka kutuonyesha jambo, alilionyesha juu ya mashine yake mwenyewe, kisha akasimama kando nasi tukalifanya. Alianza na kuzima kabla ya kuwasha. "Mama," akaniambia, "hiki chekundu hapa ndicho cha kuzimia. Kidole chako kikijue kama kinavyoujua mdomo wako." Tukakibonyeza mara kumi, injini ikiwa imelala, hadi mkono ukakizoea.

Kisha tukafundishwa kilichobaki. Mkono wa kulia una kijiti kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba. Hicho ndicho kinachopeleka mafuta kwenye injini. Ukikisukuma taratibu, mashine huondoka taratibu. Ukikisukuma kwa hofu, huruka. Breki ni za kushika kwa vidole, kama za baiskeli, na nyingine iko mguuni. Zetu hazikuwa na gia za kubadilisha kila mara, na hilo humpunguzia mwanafunzi mzigo. Miguu yote miwili hukaa juu ya pedali zake wakati wote. Hapa aliyezoea baiskeli huponzwa na mazoea, kwani akiona anayumba hushusha mguu chini, na gurudumu la nyuma hupita juu yake. Mashine yenyewe ina uzito wa kilo mia mbili na zaidi.

Nilishangaa nilipojaribu kukata kona. Niligeuza usukani, na mashine ikaendelea mbele kama punda mkaidi. Kijana akaeleza sababu. Katika kwadi nyingi magurudumu mawili ya nyuma yameunganishwa kwa chuma kimoja, huzunguka pamoja kwa kasi moja. Nayo mashine ikikata kona, gurudumu la ndani hutakiwa kwenda polepole kuliko la nje. Kwa hiyo mpandaji hupunguza mwendo, hutazama anakokwenda, na huuegemeza mwili upande wa ndani wa kona ili mashine isinyanyuke upande huo. Akikaa kama mfuko wa sukari, mashine itakwenda moja kwa moja au itapinduka. Tulizunguka mitungi miwili ya plastiki iliyowekwa uwanjani karibu nusu saa, na hapo ndipo nilipogundua kuwa nilikuwa sijamtazama binti yangu kwa dakika nyingi. Nilikuwa na kazi yangu.

Magurudumu ya kwadi hutiwa upepo mdogo mno, kiasi cha paundi tano hadi saba tu, ilhali gurudumu la gari dogo hupata thelathini hivi. Kwa upungufu huo tairi hupanuka na kuelea juu ya mchanga. Lakini lazima uendelee kwenda. Katika mchanga mlaini, mwendo wa wastani usiokatika ni salama kuliko kusimama na kuondoka. Ukikwama, usizidishe mafuta, kwa maana magurudumu yatachimba shimo na kukuzika. Shuka, ondoa mchanga kwa mikono, uisukume mashine kidogo.

Kilima kina sheria zake. Unapopanda, unainama mbele. Unaposhuka, unarudi nyuma na kuiacha injini ikuzuie huku ukigusa breki kwa upole. Hupandi wala hushuki kimshazari, kwa kuwa ubavu wa kilima ndio unaopindua mashine. Ukikaribia kilele unapunguza mwendo, kwa sababu huoni kilichoko upande wa pili: huenda ni mteremko mkali, huenda ni mtoto anayechunga. Tena mtu mmoja tu huwa juu ya kilima kwa wakati mmoja. Wengine hungoja chini, kando, hadi aliyetangulia afike na kuinua mkono.

Kilima cha kwanza na cha pili nilivipanda, alhamdulillahi, nikisoma kila dua niliyoifahamu. Cha tatu kilikuwa kirefu. Nilifika katikati, nikaona anga tu mbele yangu, na moyo ukanisaliti. Kidole changu kikaachia mafuta. Mashine ikasimama, ikatulia kama inayofikiri, kisha ikaanza kurudi nyuma.

Msomaji, akili yangu iliniambia nigeuze usukani nielekee chini. Ndilo jambo la kwanza analotaka kulifanya kila mtu, nalo ndilo baya kuliko yote, kwani linaiweka mashine ubavu. Nikasikia sauti ya kijana kutoka juu, "Breki, mama! Usigeuze! Inama mbele!" Nikashika breki kwa nguvu zangu zote, nikainama hata kidevu kikagusa usukani. Ikasimama. Akaniambia nifunge breki ya kuegesha, nizime, kisha nishuke kando, nisisimame kabisa nyuma yake. Nikashuka, nikakaa mchangani. Miguu yangu ilikuwa ikitetemeka kama ya aliyetoka homani.

Nilipotazama chini ndipo nilipomwona binti yangu. Alikuwa amengoja. Alikuwa kando ya njia, mahali hasa alipoambiwa angoje, injini yake imezimwa, mikono yake juu ya magoti, na macho yake kwangu. Lau angalinifuata kwa pupa, kama nilivyokuwa na yakini kuwa kijana wa umri wake angefanya, ningalimshukia na kilo mia mbili za chuma. Hakulia, hakuita, hakukimbilia mashine yake. Alinyanyua mkono mmoja, nami nikanyanyua wangu. Kijana akashuka kwa miguu, akaigeuza kwadi yangu na kuishusha. Kisha ikaja zamu ya binti yangu. Akakipanda kilima kile kwa mwendo mmoja wa wastani, akapunguza kileleni, akatazama ng'ambo, akatoweka. Nami nilikipanda mara ya pili nikiwa nimesawijika, lakini nilikipanda.

Kutoka juu, bahari ilionekana yote, yenye michirizi ya udongo wa Sabaki. Nilitamani tuteremke tukaende mbio pale penye mchanga mgumu karibu na maji, kama nilivyoona katika picha. Kiongozi akakataa kwa upole. Fukwe za pwani yetu ni mahali pa kasa kutagia. Kasa hupanda usiku, hufukia mayai juu kidogo ya alama ya maji kujaa, kisha hurudi baharini, na kiota chake hakionekani kwa macho. Gurudumu likipita juu yake huugandamiza mchanga, na alama zake ni handaki kwa mtoto wa kasa anayetafuta maji. Akatuonyesha pia mimea itambaayo yenye maua ya zambarau. "Hii ndiyo kamba ya kilima," akasema. Mizizi yake huushika mchanga. Ikikatwa, upepo huubeba mchanga ukaupeleka mashambani na majumbani. Kwa hiyo tulifuata njia zile zile zilizokwisha kupitwa, wala hatukufungua njia mpya.

Saa tatu na nusu hivi tulianza kurudi. Njia ya kurudi huambaa na ukingo wa mji, kati ya minazi na nyumba za mawe na za udongo. Binti yangu sasa alikuwa wa pili, nyuma ya kiongozi; mimi nilimfuata. Nyuma yetu kulikuwa na kundi jingine la wageni wanne au watano waliokuwa wakitukaribia kwa kasi, na nilisikia injini zao zikinguruma. Mbele, penye kona ya ukuta, wakatokea watoto wa chuo, kumi na tano au ishirini, wavulana kwa kofia zao na wasichana kwa hijabu nyeupe, juzuu kifuani. Njia ni nyembamba. Kiongozi alikuwa amekwisha kuipita ile kona.

Binti yangu alisimamisha mashine. Hakupunguza mwendo tu, bali alisimama kabisa upande wa kushoto, akakibonyeza kile kitufe chekundu, akainua mkono juu ili walio nyuma waone. Nami nikazima. Wale wageni wakakosa pa kupita; wakazima mmoja baada ya mwingine. Kimya kikarudi, na vumbi likashuka chini. Tukawasikia watoto wakipita, viatu vyao vikiburura, wengine wakitusalimia, "Assalaam alaykum," nasi tukiwajibu. Msichana mmoja mdogo alimkazia macho binti yangu, akaiona hijabu chini ya helmeti, akamvuta mwenziwe mkono. "Ni dada!" akasema. "Ni dada anaendesha!" Binti yangu akacheka, akampungia. Alingoja hadi mtoto wa mwisho alipoingia kichochoroni, ndipo akawasha.

Sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba njia ina haki zake, na kwamba kumwondolea mpita njia udhia ni sehemu ya imani. Nilikuwa nimelifundisha hilo nyumbani kwa miaka, kuhusu maganda ya ndizi na vigae vya chupa. Sikudhani kuwa binti yangu angelibeba hadi juu ya mashine niliyoiogopa. Na wala hakuwa akinitazama mimi alipolifanya.

Tulipita mbele ya nyumba ya shangazi kwa mwendo wa mtu anayetembea. Dirisha lake lilikuwa wazi. Alikuwa amesimama hapo na leso yake kichwani, akatutazama tulivyopita, asiseme kitu. Tulipokwisha kurudisha mashine na kufika kwake, tukamwamkia, naye akaitikia marahaba, akatutengea mahamri na mbaazi. Alimimina chai kwanza. Kisha akasema, "Nilisikia ngurumo, nikalingoja vumbi. Halikuja." Hayo ndiyo maneno yote aliyoyasema juu ya jambo hilo, na kwa anayemjua shangazi yangu, ni mengi.

Dada na mama zangu mnaosoma, sikusemeini mwende mkapande kwadi. Kila mtu na hali yake, na mwenye mgongo mbovu au mwenye mimba asithubutu kabisa. Ila ikiwa mtoto wenu amelitaka jambo hili, na ametimiza umri, msimwache aende kuligundua peke yake na marafiki jioni ya sikukuu, bila helmeti, kwa mashine ya kuazima. Nendeni naye asubuhi. Ulizeni maswali. Fungeni kamba ya helmeti yake kwa mikono yenu. Pandeni nanyi kama mwaweza, ama mkae penye kivuli mtazame. Mtaona jinsi anavyongoja, jinsi anavyosimama, na jinsi anavyowapitia watu. Mambo hayo hayaonekani sebuleni.

Mimi bado naogopa bodaboda, wala sharti la nyumbani kwangu sikulitangua. Kaka yangu mdogo namwombea kila Alhamisi usiku. Lakini usiku ule, tulipokuwa tumelala mimi na binti yangu katika kitanda kimoja cha kamba, mifupa ikituuma na mchanga ungali masikioni, nilimwuliza kama ni kweli kuwa Eldoret kuna baridi. Alinyamaza kidogo, kama asiyeamini swali. Kisha akajibu, "Wanasema asubuhi ni kali sana, mama."

Jumatatu tulirudi Mombasa. Kabla ya kwenda nyumbani tulipita mjini, tukanunua sweta mbili nzito.

Wabillahi tawfiq.